Fils Iko, Alisaini Asubui

Précieux Mumba, mutoto ya Mama Agnès wa commune ya Kenya, mutaa ya hapa Lubumbashi, ukimuona anapita na ile farde yake chini ya kwapa, utasema ni padri anapeleka komunio kwa mugonjwa. Anatembea polepole. Anasalimia bantu na kichwa tu. Iko na biki tatu mu mufuko ya shimizi: moja nyeusi, moja ya bluu, na ya tatu sijui ya nini, juu haiandikaka. Na mu ile farde muko nini? Karatasi. Liste ya présence ya banafunzi mia mbili na kumi na nane. Njo ile tu.

Miye naitwa Donat. Masomo yangu iliishia mwaka ya pili ya secondaire, sitaki kudanganya muntu. Lakini niko na mashini ya fotokopi pa mulango ya université moja ya hapa Lubumbashi, na ile mashini inanifundishaka bintu kupita mwalimu. Précieux nilimuona tangu anazaliwa. Lupango yabo na yetu inatenganishwa na kibambazi moja tu. Nilimubeba pa mugongo, alinikojolea. Basi ninapomusema, simusemi sawa muntu ya inje.

Wakati alikuwa na myaka kenda, ku katekisimu, yeye njo alikuwaka anaitikia majina ya benzake benye balikuwa banacheza mupira. Muzee mwenye kufundisha aliita, "Kangwa?" Précieux alijibu, "Niko!" na sauti nyembamba. Muzee aliita jina ingine. "Niko!" na sauti munene. Ule muzee, macho yake ilikuwa imechoka. Siku ya komunio, batoto kumi na mbili balisimama mbele ya padri, hakuna hata moja mwenye alijua Baba Yetu mupaka ku mwisho. Tulicheka siku ile. Mama Agnès alicheka mupaka machozi. Leo najiuliza tulikuwa tunacheka nini.

Ku université, benzake balimuchagula CP, ni kusema chef de promotion, mukubwa ya kalasi. Yeye njo anabeba maneno ya prof kwa banafunzi, na maneno ya banafunzi kwa prof. Na liste. Sheria ya ile faculté ilikuwa rahisi, hata miye niliisikia mara moja: kila masomo, liste inapita, unasaini. Usipokuwako, banakutia musalaba. Misalaba tatu, sekreteri anapigia baba yako ao mama yako telefone. Misalaba kumi, haufanye mitihani. Sheria muzuri. Lakini weka sheria muzuri mu mikono ya Précieux, utaona.

Alipangia benzake mu bikundi, bantu bane bane, na zamu. Leo Lydie anakuya, anasainia bane. Kesho Kangwa anakuya, anasainia bane. Bengine balala, basuke nywele, baende fasi banajua. Mu auditoire, ile chumba kubwa ya masomo, yenye liste ilisema banafunzi mia mbili, ungehesabu bichwa makumi sita, na makumi mbili inasinzia. Na saini ya mwenzako unapashwa kuijifunza. Bale batoto balikuyaka kujifunzia kwangu, pa meza yangu, juu ya makaratasi yenye mashini iliharibisha. Niliona Lydie, binti ya heshima, anaandika jina ya mwenzake Fils mara makumi tatu, mupaka ile "s" ya mwisho ipande juu sawa mukia ya panya.

"Unaona, tonton?" Précieux aliniambia. "Hii njo kusaidiana. Bazungu habajui hii."

"Ningejua kama kusaidiana ni rahisi hivi," nilijibu, "ningetuma muntu aniolee bibi."

Tulicheka. Nilimutolea fotokopi yake, alienda. Sitajifanya mutakatifu hapa.

Sasa, ule Fils. Fils Ngosa, mutoto ya kijiji ya Lukafu, mwana ya mulimi. Kijana mwembamba, wa kimya, mwenye alikuwa mu kikundi ya Précieux. Mwezi ya pili, benzake ya kwabo balikuya kumuambia kama ku carrière moja, ku barabara ya Likasi, bantu beko banachimba shaba na banatoka na kintu. Alimufwata Précieux.

"CP, munisainieko wiki mbili tu."

"Enda na amani, camarade. Hapa utakuwa uko."

Njo vile alisema: hapa utakuwa uko. Wiki mbili iliisha. Mwezi iliisha. Telefone ya Fils ilikufa. Mwezi ya tatu, ya ine, ya tano. Hakuna mwenye aliuliza Fils iko wapi. Bangeuliza juu ya nini? Pa liste alikuwa iko. Alikuwa anasoma kupita bote, ule kijana. Hata siku ya mvua kubwa yenye prof mwenyewe hakufika, Fils alisaini.

Mwezi ya sita, siku moja ya lundi, ya baridi, baba yake alifika. Paulin Ngosa, muzee mufupi, koti inafungwa mupaka pa shingo, kofia mu mukono. Pa bega alibeba mufuko ya bunga ya mahindi, na mu mukono ingine chupa ya asali yenye alifunga kinywa na kitambaa.

"Jambo yenu, baba," aliniambia. "Natafutako fasi mutoto yangu anasomeaka. Tangu Pasaka haongee na siye. Nikiita telefone, ni ile mama ya mu mashini tu njo anajibu. Bibi yangu halale tena. Anasema Fils alikufa. Miye namuambia, mama, ondoa hii mudomo mubaya."

Nilimuonyesha biro ya sekreteri. Alienda, alikawia kidogo, kiisha nilisikia muntu anacheka mbele sijamuona. Ni yeye. Meno yote inje.

"Iko! Balinifungulia karatasi, niliona na macho yangu! Wiki yenye ilipita, iko. Hata leo asubui, alisaini! Iko mule ndani anasoma!" Alitosha telefone yake, alimuita bibi yake palepale mbele ya bantu. "Mama Fils! Weye na bilio yako! Fils iko, alisaini asubui! Ndiyo! Pika ukule, mwanamuke!"

Miye niliangalia mashini yangu. Nilijua vile banasainianaka, ndiyo. Lakini nilijisemea, Fils analala tu kwake, kesho atakuya. Nilimupa muzee kiti.

Saa sita banafunzi balitoka. Muzee alisimama, aliangalia sura moja moja. Fils hapana. Nilimuita Précieux. "Uyu ni baba ya Fils."

Aki ya Mungu, mungemuona. Aliinama, alimupa muzee mikono mibili. "Jambo, baba! Karibu! Fils? Eh, labda alipitia mulango ya nyuma. Masomo ni mingi, baba, anachoka sana, mutoto yenu."

"Anasomaka?"

"Ah, baba! Hakosake hata siku moja!"

Kesho yake, muzee alikuwa pa kiti mbele nifungule mulango. Précieux alipita, alisema Fils alienda moja kwa moja ku bibliothèque. Muzee alienda ku bibliothèque. Alirudia. Alikula nusu ya mukate yenye nilimupa, ile nusu ingine aliifunga mu kitambaa. "Fils anapendaka mukate," alisema.

Nilimukamata Précieux na mukono, nilimuvuta nyuma ya mashini.

"Weye. Fils iko wapi?"

"Tonton, acha."

"Nakuuliza."

"Alienda kuchimba, mwezi ya pili. Sijui tena. Lakini nikisema haiko, siye bote ya kikundi tutafukuzwa. Mitihani inabakia wiki mbili tu! Uyu muzee atachoka, atarudia kwake."

"Na leo, pa liste?"

Aliniangalia sawa vile miye njo mujinga. "Iko, tonton. Ni zamu ya Kangwa. Tukimutia musalaba leo, na baba yake iko hapa, si sekreteri atawaza?"

Ile siku ningepashwa kuenda ku biro. Hatua makumi ine, si zaidi. Sikuenda. Niliwaza Mama Agnès, kibambazi yetu, ule mutoto pa mugongo yangu. Nilimeza, sawa vile unameza inzi mu chai mbele ya bageni. Hata leo naisikia inatembea.

Siku ya tatu, muzee alichoka kungojea inje. Alitosha kofia, alisukuma mulango ya auditoire, na bunga yake pa bega, aliingia. Prof alikuwa anafundisha. Ni muntu ya heshima, alisimamisha maneno yake, aliuliza, "Baba, tunaweza kukusaidia?"

"Munisamehe, mwalimu. Natafuta tu kusalimia mutoto yangu. Ngosa Fils. Nikimuona, natoka."

Prof aliangalia liste yenye ilikuwa mbele yake. Saini ilikuwa pale, wino haijakauka. "Ngosa Fils, simama. Baba yako iko hapa."



Lydie alinielezea nyuma vile ilikuwa. Anasema kama bengine baligeuza bichwa huku na huku, banatafuta Fils na macho, sawa vile kweli alikuwa pale kati yabo. Bantu makumi sita banatafuta muntu mwenye banajua kama haiko. Prof aliita mara ya pili. Njo pale Précieux alisimama, na shimizi yake ya kupigwa pasi.

"Munisamehe, prof. Alitoka sasa hivi. Tumbo inamuuma. Iko ku choo."

Nyuma, moja alicheka mu pua.

"Aksanti, mwanangu," muzee alisema. "Aksanti sana. Mungu akubariki." Na alitoka kuenda ku choo.

Ile choo, nyuma ya nyumba, musiniulize. Mulango yake ilivunjikaka tangu zamani, maji haipitake, na harufu inakukamata mbali, inakuvuta pua. Bale benye banakuwaka na haraka banafunga pumuzi, banaingia, banatoka mbio. Muzee Paulin alisimama pale. Kofia mu mukono. Kila kijana mwenye alitoka, aliinama kidogo amuone sura. Alingoja zaidi ya saa moja.

Niliona bantu banapita mbele ya mashini, banacheka, banasema kuko muzee mwenye kuchunga choo. Nilizima mashini. Nilipofika, alikuwa ameweka kinywa karibu na kibambazi, anaita polepole, sawa vile unaita mutoto mwenye iko na homa:

"Fils? Ni baba. Usiwe na haya. Tumbo ni tumbo. Chukua tu wakati yako, niko hapa."

Sauti ilijibu toka ndani, "Hapana miye, muzee! Uache bantu banye!" Na kicheko.



Lydie alikuwa pa kona ya nyumba, mukono pa kinywa. Sijui alifika saa ngapi. Alitembea mupaka mbele ya muzee, alipiga magoti palepale mu ile matope.

"Baba, haiko mule."

"Alipita? Sikumuona."

"Haiko, baba. Tangu mwezi ya pili haiko. Alienda ku carrière."

Muzee alicheka kidogo. "Hapana, binti. Niliona jina yake. Leo asubui."

"Ni miye nilisaini. Leo ni zamu yangu. Jana Kangwa. Mbele ya jana ni CP."

"Ile 's' ya kupanda juu..."

"Ni mukono yangu, baba."

Muzee aliangalia ule mukono ya Lydie. Aliuangalia sana, sawa kintu yenye aliokota pa barabara. Kiisha aliuliza, na sauti ya chini kabisa, "Kama mungetia ile misalaba, bangenipigia telefone mwezi gani?"

"Ule ule mwezi ya pili, baba."

Alianza kuhesabu na bidole. Ya tatu. Ya ine. Ya tano. Alifika pa ya sita, alifunga ngumi. "Simama, binti," alisema. "Unachafula nguo."

Lydie alikuwa na namba ya kijana moja mwenye alichimbaka na Fils. Tuliita. Ule kijana alisema, ndiyo, Fils bulongo ya shimo ilimuangukia mwezi ya ine, lakini hakufa, iko ku nyumba ya maombi karibu na carrière. Balimutunza na dawa ya miti. Ule kijana aliwaza kama bazazi ya Fils banajua.

Tulipanda gari ya muntu moja ya makaa, siye batatu, siku ile ile. Harufu ilitupokea mbele tufike pa mulango. Fils alikuwa pa mukeka, muguu ya kuume imevimba sawa gunia, nyeusi mupaka juu ya goti. Mama mujane mwenye kuchunga ile nyumba alikuwa anafukuza nzi na tawi. Fils alipoona baba yake, alijifunika sura na shuka. Baba yake alitua ile bunga, mbele ya yote, sawa mugeni mwenye kuleta zawadi, alimupa ule mama. Kiisha alimubeba mutoto yake pa mugongo, mutoto ya myaka makumi mbili na mbili, mupaka ku gari.

Ku lopitalo ya muji, munganga hakukawia. Balikata juu ya goti. Alipomaliza, alimuambia baba, "Mungemuleta mwezi ya ine, hii muguu ingepona." Muzee alijibu, "Mwezi ya ine, ndiyo," sawa muntu mwenye kurudilia masomo.

Lydie alienda yeye mwenyewe ku biro, alisema yote. Balimufukuza mwaka muzima. Kangwa na Précieux baliandika barua ya kusema habajui kintu, na CP alichunga liste na uaminifu tangu mwanzo. Benzake makumi mbili balisaini ile barua. Ninajua, juu balikuya kuifotokopia kwangu. Saini makumi mbili, na mikono nilihesabu: mibili. Niliikata vipande mbele ya macho ya Précieux, nilimurudishia mu farde. Haikusaidia, alienda kwa mwenye mashini ingine, mbele kidogo. Précieux alibakia CP.

Mercredi moja alifika ku lopitalo na machungwa. Nilikuwako, nilipelekea muzee chakula, bukari na sombe. Précieux aliingia na ile mwendo yake ya padri, alikaa pa kitanda, fasi yenye muguu haiko tena.

"Camarade! Usikate roho! Nilipangia kila kintu. Présence yako iko safi, makumi mbili juu ya makumi mbili. Hakuna hata musalaba moja! Utafanya mitihani, hata juu ya kiti ya magurudumu. Tutakubeba!"

Na Fils, Mungu anisamehe kusema hii, Fils alinyanyua kichwa. Macho yake ilipata mwangaza. Aliangalia baba yake.

Baba yake alikuwa anakula. Alinawa mikono, alipangusa, alimuuliza Précieux, "Mutoto, leo ni siku gani?"

"Mercredi, baba."

"Saa hii muko na masomo?"

"Ndiyo, baba, mupaka saa sita. Lakini nilisema nikuye kwanza kuona camarade."

"Na pa karatasi ya leo, weye uko wapi?"

Précieux alianza kucheka, kiisha kicheko iliishia njiani. Alijibu sawa vile unajibu muntu mwenye kuuliza saa. "Kangwa iko kule, baba."

Muzee alisimama. Alichukua yale machungwa moja moja toka pa meza, alimupakia Précieux mu mikono mupaka ikajaa, farde ikabakia inaning'inia chini ya kwapa. Alifungula mulango.

"Enda, mutoto. Kangwa atachoka mukono."

Tulisikia biatu yake mu kolido, na chungwa moja yenye ilianguka, na biatu tena, hakurudia kuiokota.

"Baba," Fils alisema nyuma ya wakati. "Lakini mitihani..."

"Utaanza tena mwaka yenye kukuya. Utaikala pa kiti na matako yako mwenyewe."

"Na hii muguu?"

"Muguu haisomake."

Fils alijigeuza, sura ku kibambazi. Alilia bila sauti, mabega tu njo ilikuwa inatikisika. Muzee hakumubembeleza. Alipiga magoti, alivuta chini ya kitanda ile beseni ya maji ya kidonda, yenye damu na bitambaa, aliibeba na mikono mibili, kichwa pembeni juu ya harufu, na alitoka kuimwanga.